Mrejesho: Debian 12 au 13 kwa kompyuta ya duka

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza kama kompyuta ya mauzo ya duka letu la vipuri, Barabara ya Kirinyaga, niiwekee mfumo endeshi wa Debian toleo la 12, au la 13 lililotoka tarehe 9 Agosti 2025. Nimeweka 12. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Kilichoamua ni printa ya risiti. Yule ndugu aliyesema nijaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni alinisaidia mno. Niliweka 13 kwenye laptopu kuukuu, nikachomeka printa, risiti ikatoka na jina la duka na tarehe, halafu mahali pa bei karatasi tupu. Draiva ya mtengenezaji, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, imeandikiwa 12 tu. Kwenye 12 risiti ilitoka nzima, na mteja aliyekuwa akisubiri brekipedi akaondoka nayo.

Wengine mlihofia kwamba 12 imezeeka. Ilitoka Juni 2023, na masahihisho ya usalama yataendelea hadi Juni 2028 kupitia mpango wake wa LTS, yaani huduma ya muda mrefu. Kwetu huo ni muda wa kutosha kabisa. Duka dogo haliwezi kusimama Jumamosi asubuhi eti kompyuta imegoma, mafundi wa gereji wakiwa wamejaa mlangoni!

Ile 13 sijaitupa. Anaitumia binti yangu chuoni, na inashika waifai ya laptopu ile vizuri. Draiva mpya ikitoka tutahama. Nakala ya hesabu zote nimeshaiweka kwenye diski ya nje.