Yule mwalimu wa maabara ya meno kanidhalilisha mdomo ukiwa umejaa alijineti!!!

Mtoto wa Usa River:
Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa garini, kidevu bado kina uji mkavu. Mliopita ile koleji hapa Minnesota kusomea usaidizi wa daktari wa meno mnamjua yule mama. Simtaji. Yule wa miwani yenye kamba.

Leo tulikuwa tunachukua chapa za meno, tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe. Mwenzangu kakoroga alijineti, ule uji unaoganda ukashika umbo la meno, kajaza trei, kanisokomezea mpaka kwenye koromeo. Machozi yananitoka, nalia kama mbuzi wa Idi. Mama kaja, kanipandisha mdomo wa juu kwa kidole, kaita darasa zima: "Njooni muone meno ya mtu asiyepiga mswaki."

TREI IKIWA MDOMONI.

Mimi ni mtoto wa Usa River, kule Arusha! Tumekulia maji ya floraidi, jino linachomoza na ukahawia wake tayari. Upige mswaki mpaka fizi zihame mtaa, hautoki. Mtu analipwa kufundisha enameli, ngozi ngumu ya jino, halafu fluorosisi, madoa ya floraidi, haijui? Nikataka kumjibu, ikatoka "mmmfff", uji wa pinki ukamwagika kwenye aproni. Darasa zima likaangua kicheko. Asiyepiga mswaki! MIMI! Na trei mdomoni!

Mbeba Boksi Mstaafu:
Kwa hiyo utetezi wako ulikuwa "mmmfff". Wakili msomi 😂😂

Nyaboke BP:
Pole dadangu. Sisi wa Nakuru maji ni yale yale, nimeitwa mvuta sigara tangu shule ya msingi. Na huyo mama ndiye alinifanya nirudie seti nzima ya eksrei 18 za meno eti moja imekata ncha ya mzizi. MOJA!

Chalii wa Ngarenaro:
Mwambie akasome historia ya kwao. Colorado Springs, 1901, daktari wa meno McKay alikuta watu wana meno hayo hayo, wakayaita doa la kahawia la Colorado. Mwaka 1931 ndipo ikajulikana ni floraidi ya kwenye maji. Katukana mpaka wazungu wenzake. Ila kwani hukuweza kutema?

Mtoto wa Usa River:
Trei haitolewi mpaka uji ugande!!! Mnasoma uzi au mnapita tu?

Ngosha Asilia:
Ulienda kusomea meno au kuyapeleka maonyesho?

Gego la Chini:
Mimi kero yangu ni namba za meno. Bongo nilizoea 36, yaani robo ya 3 ya mdomo, jino la 6, ni gego la chini kushoto. Huku wanahesabu 1 mpaka 32, gego hilo hilo ni 19. Nikamwambia daktari "jino la 36 limetoboka", akaniuliza mgonjwa ni papa?

Nyaboke BP:
😂😂😂 Heri wewe. Mimi nimetoka kliniki jana usiku nikapata gari halipo. Theluji ilianguka, jiji likatangaza dharura ya kusafisha barabara, wakalivuta.

Mbeba Boksi Mstaafu:
Uliegesha barabara gani? Siku ya kwanza wanaanza kusafisha zile njia kuu.

Nyaboke BP:
Kwani mimi ni diwani nijue njia kuu?

Mtoto wa Usa River:
Jamani, uzi wangu. Yule mama kaniambia mbele ya watu kwamba sipigi mswaki.

Gego la Chini:
Subiri kwanza dada, tunaongelea gari hapa. Nyaboke, wahi leo leo, kila siku linayolala kule yadi walikolivutia wanaongeza bili.