Kura za chama kikuu: sawa kwa kila AMCOS, au kwa kilo?

Mkulima wa Sikonge
Wakuu, habari za kutwa. Chama kikuu chetu, ule muungano wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima), kinarekebisha masharti, na rasimu imeshushwa kwenye AMCOS tuijadili kabla ya mkutano mkuu. Kinachogombaniwa ni kipengele cha wawakilishi. Kwa sasa kila AMCOS inapeleka wajumbe idadi ileile, iwe inajaza malori ya tumbaku au inauza marobota ya kuhesabu kwa vidole. Wapo wanaotaka wajumbe waende kwa kilo, na mimi nipo upande huo. Ushuru wa chama kikuu tunakatwa kwa kilo, basi na sauti iende kwa kilo.

Na tusidanganyane kuhusu ushiriki wa wanachama. Mkutano wetu wa mwisho akidi ilitimia kwa sababu ya pilau. Nusu ya waliokaa chini ya mwembe ni kina mama ambao hata namba ya mkulima hawana, yaani si wanachama. Nawasilisha.

Mzee wa Kaliua
Mwanangu, kilo hazina uanachama. Kanuni za ushirika wa dunia zilizopitishwa Manchester mwaka 1995 zinasema mwanachama mmoja kura moja. Ukitaka kura zifuate mzigo, fungua kampuni uuze hisa. Ushirika uache.

Mkulima wa Sikonge
Shikamoo mzee. Kanuni hiyohiyo isome mpaka mwisho. Mwanachama mmoja kura moja ni kwa vyama vya msingi. Vyama vya ngazi za juu imesema viendeshwe kidemokrasia, basi. Haikusema kila chama kiwe na kura sawa.

Kahawa Kasulu
Huku Kigoma kwenye kahawa tunabishana hayohayo. Kuna njia ya katikati: wajumbe wafuate idadi ya wanachama hai wa kila AMCOS. Chama chenye watu wengi kinapata wajumbe wengi, ila mkulima mwenye shamba kubwa hapati kura ya ziada. Kilo zinapanda na kushuka na mvua. Mwaka mkiungua na jua, mtapunguziwa na wajumbe?

Mama Bani, Uyui
Mleta mada, nimesoma mpaka kwenye pilau nikasimama hapo. Kina mama wasio na namba! Nani alizifunga hizo tumbaku kwenye fito? Nani analala bani, kwenye banda la kukaushia tumbaku, anachochea moto, mchana anarudi kuchagua madaraja? Hivi ninavyoandika vidole vyangu vina gundi nyeusi ambayo sabuni haiitoi. Siku ya soko mteuzi anapita, anaandika daraja, robota linapanda mzani, karatasi inatoka na jina la baba. Hela zinaingia benki kwenye akaunti ya baba. Pilau lenyewe tulilipika sisi.

Mkulima wa Sikonge
Dada, sijatukana mtu. Nimesema hali ilivyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya 2013, haimkatazi mwanamke. Mwenye miaka 18 na sifa zilizo kwenye masharti analipa kiingilio, ananunua hisa, anakuwa mwanachama. Nani kawazuia?

Mama Bani, Uyui
Tumezuiwa na makisio, yale makadirio ya mazao na pembejeo za msimu. Wanapokuja kuandika makisio ya kaya wanauliza mwenye nyumba ni nani, linaingia jina moja. Mbolea inatoka kwa jina hilo, mkataba kwa jina hilo. Ukienda kuomba namba yako unaambiwa shamba lenu limeshaandikwa, mnataka kuchukua mkopo mara mbili? Sasa hiyo sheria ya 2013 nitaipandia wapi tumbaku?

Urambo Mashariki
Haya mambo ya kaya mkiyaleta kwenye ushirika mtauvunja. Kila mke akiwa mwanachama, mwenye wake wanne nyumba yake ina kura tano. Mimi mwenye mke mmoja nina mbili. Hiyo ndiyo demokrasia?

Mama Bani, Uyui
Nani kakwambia wake wanne watapiga kura ya mume wao? Ndiyo maana kura inapigwa kwa siri.

Kahawa Kasulu
Hapo Urambo Mashariki kapigwa chini bila hata kushikwa kiuno. Turudi kwenye wajumbe basi?

Urambo Mashariki
Sijapigwa popote. Uliza historia. Vyama vikuu vilifutwa mwaka 1975 kwa sababu kila mtu alitaka kuwa msemaji.

Mzee wa Kaliua
Ilikuwa 1976, mwanangu, na sababu haikuwa hiyo. Serikali iliona vijiji vya ujamaa vinatosha kuwa vyama, kazi ya kununua mazao wakapewa mamlaka za mazao. Vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Miaka hiyo yote mkulima hakuulizwa wakati wa kufuta, wala hakuulizwa wakati wa kurudisha. Tatizo letu halijawahi kuwa wasemaji wengi.

Na huyo mama kasema jambo ambalo mmelipita. Mkopo wa pembejeo tunaubeba kwa pamoja. Mmoja akitorosha tumbaku akaiuza pembeni, deni lake linakatwa kwa wenzake waliobaki. Katika nyumba ni hivyohivyo: baba akitorosha, anayekosa ada ya mtoto ni mama. Anabeba deni ambalo hakuinua mkono kulipitisha.

Urambo Mashariki
Mzee, heshima yako ipo, lakini unatafuta sifa kwa kina mama. Nyumbani kwako namba ni ya nani?

Mzee wa Kaliua
Ya mke wangu. Mimi nilishaacha tumbaku, nalima mpunga. Uliza lingine.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi za uhasibu kwenye AMCOS muda mrefu, naomba niulize jambo moja. Mleta mada kasema nusu ya waliokaa mkutanoni si wanachama, na kasema pia akidi ilitimia. Akidi inahesabiwa kwa wanachama walio kwenye daftari, si kwa vichwa chini ya mwembe. Kama kina mama wale walijumuishwa kwenye mahudhurio, mkutano ule haukuwa halali, na ukomo wa madeni (kiwango cha juu cha mkopo wa chama) mlioupitisha siku hiyo una shida. Kama hawakujumuishwa, akidi ilitoka wapi?

Mkulima wa Sikonge
Mada ni wajumbe wa chama kikuu, si mkutano wa AMCOS yangu.

Karani Mstaafu
Ni ileile. Wajumbe wa chama kikuu wanachaguliwa kwenye mkutano huohuo. Kama mkutano una kasoro, mjumbe anaenda kumwakilisha nani? Hapo mnapigania kugawana wajumbe kwa kilo au kwa usawa, wakati daftari la wanachama halijasomwa mbele ya watu. Mjumbe mwenyewe akirudi haleti hata taarifa. Nimeona mihtasari ya chama kikuu ikifika kwenye ofisi ya AMCOS, inawekwa kwenye faili, faili linafungiwa kabatini, ufunguo anao mwenyekiti. Mwanachama anajua makato mapya siku anapopokea malipo.

Kahawa Kasulu
Hilo la mihtasari hata huku lipo. Sisi tulidai mjumbe asome taarifa mkutanoni ndani ya mwezi mmoja, bodi ikasema haipo kwenye masharti. Tukasema basi iwekwe kwenye masharti. Mpaka leo tunazungushwa.

Urambo Mashariki
Mtu mwenye hekta kumi na mwenye nusu hekta wote kura moja, halafu tunaongea faili na kabati.

Mama Bani, Uyui
Hekta kumi unazilima peke yako?

Mkulima wa Sikonge
Karani, nimepiga simu kwa katibu. Anasema mahudhurio yalisainiwa na wote waliokuwepo, na rasimu imeandikwa imejadiliwa.

Karani Mstaafu
Basi mwandikieni Afisa Ushirika wa wilaya kabla rasimu haijafika kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, muombe mkutano uitishwe upya na daftari lisomwe jina kwa jina. Barua isainiwe na wanachama wenyewe, nakala mbaki nayo.

Mama Bani, Uyui
Na mimi nimeenda ofisini leo kuchukua fomu ya uanachama. Katibu kaniambia nirudi na mume wangu asaini. Mwenye masharti ya AMCOS yake karibu aangalie: hicho kifungu cha mume kusaini kipo, au ni cha katibu?

Mzee wa Kaliua
Nimetoa ya kwetu kabatini, nasoma sehemu ya uanachama. Mpaka ukurasa huu sijakiona. Wengine angalieni ya kwenu.