Naombeni ushauri: makaa ya vifuu au kuni za mvinje?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Malindi, napikia watu saba, na mama yangu ana pumu. Jiko letu liko ndani, dirisha ni moja tu na dogo. Miaka yote tumepikia kuni za mvinje. Mvinje kavu huwaka vizuri, na jiko likishika moto hata sufuria ya maharagwe haichelewi. Shida ni masika. Kuni zikirowa, moto unafukuta tu, moshi unajaa nyumba nzima na mama anakohoa mpaka alfajiri. Usiku huo silali.

Sasa nafikiria makaa ya kubanwa, yale ya vifuu vya nazi. Moshi wake ni mdogo sana, na kwa wali wa nazi yangefaa, maana naweza kupalia moto juu ya kifuniko. Lakini kuwaka yanachukua muda, na mimi asubuhi nina watoto wa shule wanaongoja chai.

Kuna jambo jingine linanitia hofu zaidi. Makaa hata yasipotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyonukia, na chumba chetu hakipumui. Je, niongeze dirisha kwanza ndipo ninunue makaa? Au nibaki na kuni, nizianike miezi kadhaa chini ya paa la makuti kabla ya mvua?

Aliyetumia vyote viwili naomba anieleze, hasa mwenye mgonjwa wa kifua nyumbani.