Shindano la kwanza la kutunisha misuli: niweke pauni ngapi?

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu. Mimi kijana wa Wete, Pemba, nipo Coventry, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Chuma nilianza kupiga tangu skuli, vile vyuma vyetu vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, na nataka Inshaallah mwezi wa nne mwakani nipande jukwaani kwa mara ya kwanza. Nimeweka pauni 900. Kiingilio nimeona ni kama 65. Zitanitosha? Aliyewahi kushindana huku naomba anipe hesabu ya kweli.

* * *

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Nakujibu nipo nyumbani Makunduchi, Unguja. Nilikuja kwa sherehe za Mwaka Kogwa, nikabaki kwa shughuli moja ambayo lazima nikusimulie, maana imo ndani ya hesabu unayoiomba.

Mimi nilipanda Oktoba iliyopita. Siku ya shindano niliipangia vizuri: kiingilio 65, ada ya chama 40, rangi ya mwili 95, kaptura ya jukwaani 35, hoteli siku mbili 180, treni 70, na tiketi ya rafiki aliyenishikia begi 35. Jumla 520. Nikajiona nimemaliza.

Siku hiyo ina wiki 16 nyuma yake, na hizo sikuzipangia kitu.

Anza na mizani. Nilikuwa na kilo 86 na nilitakiwa nifike 78. Kukausha mwili bila kupoteza misuli kunataka upungue taratibu, kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, na kocha alinipangia nusu kilo. Kilo nane kwa nusu kilo ndizo wiki 16. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote daftarini, jipime na ujue una kilo ngapi za kupunguza, kwa sababu kila wiki ina bei yake. Anayeanza na kitambi anaanza na deni.

Chakula changu cha kawaida kilikuwa pauni 45 kwa wiki, wali, maharage, samaki wa kopo, kuku mara mbili. Kikapanda hadi 70. Kwa uzito wangu nililenga gramu 160 za protini kwa siku, na gramu 100 za kidari cha kuku kibichi zinakupa kama 23 tu, yai moja kama sita. Kidari cha halali si rahisi, na mboga za majani katika nchi ile hupewi fungu kwa bei ya sokoni Mwanakwerekwe. Tofauti ya pauni 25 kwa wiki 16 ni 400. Kocha alikuwa 120 kwa mwezi, miezi minne, 480. Unaweza kumuacha kocha, lakini usiache kulipia angalau masomo machache ya pozi. Nimeona watu wenye mwili kuliko wangu wakishindwa kusimama vizuri mbele ya majaji. Unga wa protini nunua ule wa kawaida, kreatini gramu tatu hadi tano kwa siku, basi. Rafu iliyobaki ya dukani ipite.

Hapo tumefika 1,400. Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia.

Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Mshahara unalipa kodi ya nyumba na maisha ya kule, na Jumamosi nafanya ovataimu, kama pauni 100 kwa zamu. Hizo ndizo zinazokwenda kwa mama. Kufika wiki ya kumi mwili ulikuwa umekauka, ngazi za ghorofa moja nazisikia magotini, nageuza mgonjwa kitandani huku mikono inatetemeka. Mtu mwenye kazi kama ile hana haki ya kutetemeka. Nikaacha Jumamosi sita. Pauni 600 hazikutoka mfukoni, hazikuingia tu, na kwa hiyo sikuziona kwenye daftari. Ukizijumlisha, shindano langu lilikula 2,000.

Nilikuwa nimemuahidi mama mabati kabla ya vuli. Nikamwambia asubiri kidogo. Vuli ikaja, kisha masika. Sasa hivi nimekaa katika chumba chake na ukuta wa upande wa kitanda una doa la maji lililoshuka kutoka kwenye boriti hadi usawa wa mto wake wa kulalia. Alikuwa akiweka sufuria usiku na kuamka kuimwaga. Kwenye simu alikuwa ananiuliza kama nakula vizuri. Hakunitajia mvua hata siku moja.

Mafundi wapo juu wanapiga misumari tangu asubuhi. Hiyo ndiyo shughuli yangu.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujapunguza hata kilo moja, piga hesabu ya pesa za nyumbani za miezi minne yote na uzitenge pembeni, mahali ambapo hata njaa ya wiki ya 14 haitazifikia. Kisha kadiria ovataimu utakazoacha, na uziandike kama gharama. Kitakachobaki ndicho chako cha kuchezea.

Ukiweza ingia kwenye upatu. Watu kumi kwa pauni 200 kila mwezi, kuanzia Septemba hadi Juni, na uombe zamu ya mwisho. Wengi wanagombea ya kwanza, lakini wewe unataka ukianza kujikausha uwe umeshamaliza kuchangia.

Na Aprili iache. Ramadhani ya 2026 inaingia katikati ya Februari na Idd ni karibu na tarehe 20 Machi, yaani mwezi mzima wa funga unaangukia katika wiki zako ngumu kabisa. Yapo mashindano ya Oktoba. Hesabu wiki 16 nyuma, unaanza Juni, Idd el Haji imeshapita, na kuna mwanga hadi usiku wa kutembea bure nje badala ya kulipia mashine.

Kuna mtu atakuletea vidonge vya kukojoza maji wiki ya mwisho ili ngozi ikae vizuri. Mwambie hapana. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alishinda shindano Uholanzi mwaka 1992 na akafariki saa chache baadaye, mwili umekaukiwa maji. Alikuwa bingwa mkubwa, ana watu wa kumtazama. Wewe utakuwa peke yako chumbani Coventry.

Vazi: mimi niliingia kitengo cha kaptura ndefu, si cha chupi, lakini hata hiyo haifuniki awra yote. Nilifikiri sana na bado nafikiri. Muulize sheikhe unayemuamini kabla ya kulipa kiingilio, maana changu hakikuwa cha kurudishwa.

* * *

Kaka, shukran sana. Nimesoma jibu lako mara mbili, nikampigia bibi Wete kumuuliza paa. Anasema ni zima, lakini alikawia kujibu, nitamuuliza na jirani. Nimeiacha Aprili. Swali moja: pauni 95 za rangi, na sisi ni weusi tangu kuzaliwa?

* * *

Muulize jirani leo leo.

Rangi utapaka, mdogo wangu. Taa za jukwaani ni kali, zinaifuta mikato, ile mistari kati ya misuli, hata ya mtu mweusi kama mimi, na majaji wanatafuta kivuli cha kila msuli. Wenye ngozi nyeupe wanapakwa mara mbili tatu, sisi tabaka moja mara nyingi linatosha, kwa hiyo uliza kama kuna bei ya tabaka moja, mimi sikuuliza. Usioge baada ya hapo hadi umalize kushindana, na udhu utie kabla hujaingia chumba cha kupakwa. Chukua shuka lako jeusi kutoka nyumbani, na foronya. Langu nililisahau, nikalala kwenye mashuka meupe ya hoteli, asubuhi umbo langu zima lilikuwa pale, kahawia, hadi vidole. Walinitoza 40, ongeza na hizo.