"Umoja" kwenye kibao cha duka: Unity, Oneness au Union? Naombeni ushauri

KijanaWaKusini: Wakuu habari za mchana. Tunafungua duka la vifaa vya ujenzi huku Newala, mimi na kaka yangu mkubwa. Mtaji ni wa familia. Jina tumekubaliana liwe Umoja, ila kwa Kiingereza, maana kibao kinavutia zaidi. Sasa nimekwama: "Unity", "Oneness" au "Union"? Fundi anatoza kwa herufi na ananipigia simu kila saa. Usingizi sipati. Naomba majibu ya kistaarabu.

Ticha_Mstaafu: Kijana, maneno hayo ni ndugu lakini kila moja lina kazi yake. "Unity" Waingereza waliitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, unus, yaani moja. Ni umoja wa wengi walioshikamana, ndiyo ile herufi ya mwisho ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1963 pale Addis Ababa. "Union" ni muungano wa makubaliano, kama Tanganyika na Zanzibar 1964. OAU ilipogeuka AU, Umoja wa Afrika, mwaka 2002, Kiingereza kilihama kutoka Unity kwenda Union, sisi tukaendelea kusema Umoja. "Oneness" ni hali ya kuwa kitu kimoja hasa, inakaa zaidi kwenye mambo ya roho na mapenzi. Duka la misumari na "Oneness" wapi na wapi?

DerevaMtambaswala: Weka Unity, usiumize kichwa. Hata Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lilipofunguliwa 2010 Kiingereza chake ni Unity Bridge. Mimi hilo daraja nalijua kwa mbu wake. Kuna siku nililala upande wa Negomano, Msumbiji, ndani ya gari, tairi zima, mafuta yapo, kisa karatasi moja ina jina la tajiri wa zamani. Mzigo ulikuwa vitunguu. Mnajua vitunguu vikikaa kwenye joto la kule vinanukaje? Nilifika Masasi wenzangu hawataki kukaa na mimi meza moja. Kwa hiyo Unity poa, ila karatasi zako ziwe na majina sahihi.

MamaMikorosho: Hapo dereva kasema. Mwanangu, karatasi za duka zina majina ya nani?

KijanaWaKusini: Shikamoo mama. Swali langu ni la Kiingereza tu.

MamaMikorosho: Marahaba. Nimekuelewa. BRELA, kule kwenye usajili wa biashara, limeandikwa jina la nani?

KijanaWaKusini: La kwangu, kwa sasa. Kaka yuko shamba Tandahimba anapuliza salfa, mambo ya mtandaoni hayawezi, nikaona nirahisishe. Hela ni ya shamba la mikorosho la marehemu mama, tuliuza. Nia yangu safi. Turudi kwenye neno jamani.

FundiWaya: 😂😂 Basi Unity ndiyo yenyewe! Sisi mafundi umeme, pawafakta (kipimo cha umeme unavyotumika vizuri) ikifika 1 kamili tunasema iko unity. Na wanahesabu kwao unity ni namba 1. Duka la mtu mmoja, jina la moja. Mkuu hujakosea hata herufi.

Mtumishi_Lindi: Oneness achana nayo, watu watadhani ni kanisa. Kuna Wapentekoste Marekani wanaitwa hivyo, walitengana na wenzao mwaka 1916 kwa kukataa Utatu. Unaona, hata Oneness ilileta mgawanyiko. Lakini kubwa zaidi, mali ya marehemu haichezewi. Tubu.

MamaMikorosho: Mjomba wenu alikuwepo shamba la mama yenu likiuzwa? Sisi Wamakonde huwezi kumruka mjomba halafu ukalala. Mdogo wangu alininunulia mashine ya kusaga "ya pamoja", tukaiita Tushirikiane. Siku ya kuiuza nikaambiwa risiti haina jina langu. Mpaka leo tunasalimiana msibani tu.

KijanaWaKusini: Mjomba aliambiwa kwa simu. Na kaka nimemnunulia pikipiki, si kwamba nimemdhulumu. Akija akakuta kibao kimeandikwa Umoja roho yake itatulia. Tena nimeshalipa nusu, na sehemu ni nzuri sana, kila anayeshuka kivuko atakiona.

Ticha_Mstaafu: Ngoja kwanza. Neno hilihili lina maana nyingine kwenye tamthilia. Aristotle alisisitiza umoja wa tendo. Wahakiki wa Italia na Ufaransa baadaye wakakazia na umoja wa wakati na wa mahali: igizo lisirukeruke. Sasa hadithi yako mahali pake hapashikamani. Newala ipo juu ya uwanda, maji yenyewe ya shida, hicho kivuko kinapita wapi?

FundiWaya: CHAI ☕☕

Shangani_Boy: Chai ya rangi kabisa. Na mimi nilikuwa nasikitika hapa.

KijanaWaKusini: Si chai! Nilibadilisha mji kaka asinitambue, watoto wake wanasoma humu. Ni Mtwara mjini, karibu na kivuko cha Msangamkuu.

MamaMikorosho: Kumbe hutaki akutambue. Hiyo nia safi ni ya namna gani?

Mtumishi_Lindi: Iwe chai isiwe chai, kutubu kupo palepale.

DerevaMtambaswala: Jina la mmiliki mwenza linaongezwa, halihitaji kibao wala fundi. Mpeleke kaka kwa mtu wa stationery, atamjazia fomu.

KijanaWaKusini: Nitalifikiria hilo baada ya ufunguzi.

Shangani_Boy: Baada ya ufunguzi 😂

Mzee_wa_Ligula: Sijasoma yote. Unity ni nzuri. Saruji mtauza mfuko shilingi ngapi?