Binti aliyejifungua arudi shule: baba anagoma

Mama Kibarazani: Jamani, binti aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, mtoto sasa ana miezi saba. Baba yake anasema "huyo keshakuwa mama wa watu". Tuanzie wapi?

Mwl. Mstaafu: Muda ndio mkali kuliko baba. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 wa Tanzania unaruhusu kurudi, lakini ndani ya miaka miwili tangu kuacha. Hesabuni leo hii. Nendeni kwa mkuu wa shule na namba ya PREM ya binti (namba ya utambulisho wa mwanafunzi), aendelee kidato alichoachia. Akiogopa macho ya wenzake, ombeni uhamisho mapema. Arudi Januari, akiingia katikati ya mwaka, usajili wa mtihani wa kidato cha pili unaweza kumpita.

Shangazi wa Kata: Baba msimkabili kikaoni mbele za watu, atakaza shingo. Mtumeni kaka yake mkubwa, jioni, na hesabu mkononi: ada ilifutwa 2016, zinabaki sare, madaftari na chakula. Mara nyingi kinachoitwa "aibu" ni hofu ya gharama.
Halafu nani abaki na mtoto? Hapo ndipo wengi huacha tena, mwezi wa kwanza tu. Bibi akubali kabla sare haijashonwa, na mtoto azoezwe uji na kikombe wiki mbili kabla.

Mwl. Mstaafu: Miaka miwili ikipita, kuna njia ya QT (mtihani wa maarifa), kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.