Mjadala: Boti za dagaa Tanga ziachane na mafuta, zihamie jua?

Mtoa hoja: Boti za dagaa kwenye madiko ya Deep Sea na Sahare zinachoma mafuta mara mbili: petroli ya mashine, kisha, kwa taa za kuvutia dagaa usiku, mafuta ya taa ya karabai au petroli ya jenereta. Nasema vyote vihamie sola. Anayepinga aje na hesabu.

Fundi sola, Ngamiani: Taa, hata leo. Taa nne za LED za wati 20, kwa saa 10 za usiku, zinakula wati-saa 800. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, usiitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600, kwa hiyo utabeba mbili, kila moja karibu kilo 30. Ya lithiamu inatosha moja, kilo 12 hivi. Paneli zibaki nchi kavu: wati 250 kiangazi, masika weka 400.

Kinachoua mfumo ni waya. Waya wa milimita za mraba 1.5 ukivutwa mita 10 unapoteza zaidi ya volti 1.5 kati ya 12. Taa zinafifia, lawama inakwenda kwa betri. Weka wa milimita za mraba 6 uliopakwa bati, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na grisi kwenye vichwa vya betri, maana chumvi haikawii.

Mwenye chombo, Sahare: Fundi, umesahau mwezi. Dagaa hufuatwa kwenye giza. Mbalamwezi chombo kinalala. Betri ya asidi ikiachwa tupu siku zote hizo, bamba zinashika sulfati, na giza jingine haitunzi chaji.

Fundi sola: Kweli. Ijazwe kwanza, kisha iachiwe paneli ndogo ya wati 20 yenye kidhibiti chaji.

Msomaji, Chongoleani: Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu, nyie mnazika mafuta?

Mtoa hoja: Hayo ni ghafi ya kupakiwa melini. Huwezi kuyatia kwenye mashine ya boti.

Nahodha: Tuje kwenye mashine basi. Hosipawa 15 ni kilowati 11. Saa tatu kwa nguvu zote ni kilowati-saa 33: betri za lithiamu kama ya fundi zaidi ya 30, karibu kilo 400. Dagaa watakaa wapi? Dumu la lita 20 linamaliza kazi hiyo.

Mtoa hoja: Kwa nini nguvu zote? Chombo kizito ukikipunguzia mwendo nusu, nguvu inashuka hadi kama moja ya nane. Muda unakuwa maradufu, lakini umeme ni robo tu. Betri nane.

Nahodha: Siku ya maji shwari. Upepo wa kusi ukikupiga usoni wakati wa kutoka, nusu mwendo ni kusimama.

Mwenye chombo: Na kurudi? Mji wenyewe unaitwa Tanga, jamani. Tandazeni tanga!

Nahodha: Asubuhi upepo mara nyingi umelala, mzee. Dagaa wanaharibika, na jua la kuwaanika linakupita ukiwa bado baharini.